Namna ya kumtazama Vittorio De Sica: anza na mwigizaji, mwongozaji atafuata

Vijana wanaokuja kwenye kikundi chetu cha maigizo hapa Temeke wakitaka kujifunza uongozaji wa filamu, wengi wao wameshaambiwa na mtu kwamba waanze na "Ladri di biciclette", ile filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948 kuhusu baba aliyeibiwa baiskeli. Wanaitafuta, wanaitazama nusu saa kwenye simu, wanaiacha. Filamu haina kosa. Kosa ni kuingia kwa De Sica kupitia filamu hiyo bila kumjua mwenyewe.

Vittorio De Sica alikuwa mwigizaji kwanza. Kwa Waitaliano wa kizazi chake alikuwa sura na sauti miaka mingi kabla jina lake halijaandikwa kama mwongozaji, na aliendelea kuigiza mpaka uzeeni, katika filamu zaidi ya 100. Kila alichomfanyia mtu aliyesimama mbele ya kamera yake, alikuwa ameshafanyiwa yeye, au ameshakifanya kwa mwili wake. Kwa hiyo mimi nawapeleka watu kwake kwa mpangilio mwingine, na ndio huo ninaouandika hapa, kwa yeyote anayetaka kumsoma De Sica peke yake nyumbani au na kikundi.

Maisha yake msiyape muda mrefu kabla ya filamu ya kwanza. Dakika tano zinatosha. Alizaliwa tarehe 7 Julai 1901 Sora, mji mdogo kati ya Roma na Napoli. Baba yake, Umberto, alikuwa karani wa benki: mtu wa suti safi na mfuko mwepesi. Familia ilihamahama, na Vittorio utoto wake aliupitisha Napoli. Mji huo hakuuacha maisha yake yote, utausikia kwenye lafudhi yake na utauona kwenye filamu zake. Alisomea uhasibu, kama baba alivyotaka, lakini mwaka 1923 akaingia kwenye kundi la jukwaa la Tatiana Pavlova, mwigizaji mwenye asili ya Urusi aliyefanya kazi Italia. Hapo hesabu zikaisha. Kumbuka mambo mawili tu katika haya: jina la baba, na ile suti safi ya mtu asiye na pesa. Utayahitaji baadaye.

Jioni ya kwanza weka "Gli uomini, che mascalzoni!" ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Mario Camerini. Ni filamu fupi na nyepesi. De Sica anacheza kijana dereva anayechukua gari la tajiri wake na kujifanya lake ili ampendeze binti muuza manukato. Filamu ilipigwa Milano kwenyewe, mitaani na kwenye maonyesho ya biashara ya mji huo, wakati ambapo sinema nyingi za Italia zilijifungia studio. Humo ndimo anamoimba "Parlami d'amore Mariù", wimbo ambao ulimfanya apendwe nchi nzima.

Itazameni mara moja kwa raha, kisha rudieni vipande vichache bila sauti. Angalia anavyogeuza shingo kabla ya kudanganya. Angalia tabasamu lake linavyokuja upesi na kuondoka polepole, hasa pale anapoona uongo wake unakaribia kufichuka. Huyu ni mtu anayejua thamani ya aibu usoni. Andika hilo kwenye daftari, kwa sababu miaka 16 baadaye ataitoa aibu hiyo hiyo kwenye uso wa mtu ambaye hakuwahi kusimama mbele ya kamera.

Jioni ya pili ruka mpaka mwaka 1953, "Pane, amore e fantasia" ya Luigi Comencini. De Sica sasa ana mvi, ni mkuu wa kituo cha askari katika kijiji cha milimani, mtu mzima anayejipenda na kuwapenda wanawake, na Gina Lollobrigida ndiye binti masikini anayemhangaisha. Watu watacheka sana. Lakini simamisha pale mkuu wa kituo anapokutana na mzee aliyeketi anakula mkate. Anamuuliza ndani ameweka nini. Mzee anamfungulia mkate: hakuna kitu. Ameweka ndoto tu, anajibu. Kwa wasiojua hali ya Italia baada ya Vita ya Pili ya Dunia, hapo ndipo pa kueleza, na haitakuchukua zaidi ya sentensi mbili.

Halafu, usiku huo huo kama watu hawajachoka, tafuta kipande cha karata kutoka "L'oro di Napoli" ya mwaka 1954. Hii aliiongoza mwenyewe. Ni hadithi kadhaa za Napoli zilizowekwa pamoja, na mojawapo anaicheza mwenyewe. Ni bwana mkubwa wa ukoo wa kifahari ambaye mkewe amemnyima hela kwa sababu ya kamari, basi anamfuata mtoto wa bawabu, mvulana wa umri wa shule ya msingi, wacheze karata. Mtoto hataki. Anataka kutoka nje na wenzake. Anacheza kwa uvivu, na anashinda kila mkono, na bwana mkubwa anakasirika, anatetemeka, anadai mchezo wa marudiano.

De Sica hakuwa anabuni. Alikuwa mcheza kamari kweli, na alipoteza pesa nyingi mno kwenye meza za kasino. Nawaambia vijana wazi, kwa sababu bila jambo hili hamtaelewa kwa nini mtu aliyetengeneza filamu zile kuu alikubali pia kuigiza katika filamu nyingi za kawaida kabisa. Alihitaji pesa: za madeni, za familia mbili alizokuwa akizitunza, na za filamu ambazo wenye fedha hawakuzitaka. Sura ya mwigizaji ndiyo iliyokuwa ikimlipia mwongozaji.

Baada ya hapo mko tayari kwa De Sica wa nyuma ya kamera. Filamu zake za kwanza, kuanzia mwaka 1940, ni za kuchekesha na mnaweza kuziruka. Msimruke Cesare Zavattini. Huyu ni mwandishi, mzaliwa wa Luzzara kaskazini mwa Italia, ambaye tangu "I bambini ci guardano", iliyopigwa wakati wa vita, alikuwa mwenzake wa karibu katika karibu kila filamu yake kubwa. Zavattini aliamini kwamba maisha ya kawaida ya mtu wa kawaida yanatosha kuwa hadithi. De Sica alijua jinsi ya kumfanya mtu wa kawaida ayaishi mbele ya kamera. Mnapozungumzia filamu hizi, taja majina yote mawili.

Kuna jambo la miaka ya vita ambalo mimi hupenda kulisimulia hapa. Baada ya Wajerumani kuishika Roma mwaka 1943, Wafashisti, wafuasi wa Mussolini, walitaka wasanii wa filamu wahamie kaskazini, Venice, waendelee kuutumikia utawala wao. De Sica alikuwa na udhuru: alikuwa anatengeneza "La porta del cielo", filamu ya mahujaji wagonjwa wanaosafiri kwa treni kwenda Loreto, kazi iliyosimamiwa na taasisi ya Kikatoliki chini ya Vatikano. Sehemu kubwa ilipigwa ndani ya Basilika la Mtakatifu Paulo. Miongoni mwa watu wa pembeni kwenye filamu walikuwemo waliokuwa wakijificha wasikamatwe. Upigaji picha ulivutwa na kuvutwa usiishe, mpaka Roma ikakombolewa Juni 1944. Filamu yenyewe si rahisi kuipata, lakini kisa chake kinafaa kujulikana na kila anayedhani msanii hana la kufanya wakati wa shida.

"Sciuscià" ya 1946 iwekeni jioni ya peke yake. Watoto wawili wang'arisha viatu wa Roma wanaweka akiba wanunue farasi, wanaingizwa kwenye biashara ya magendo, wanafungwa jela ya watoto. Kamera iko karibu na nyuso zao muda wote. Pale askari wa jela wanapotaka mmoja ataje wakubwa waliowatuma, wanampeleka rafiki yake chumba cha pili na kupiga gunia kwa mkanda ili asikie kelele za kipigo. Mtoto anasema yote kumwokoa mwenzake ambaye hakuguswa. Kuanzia hapo urafiki unaharibika na hakuna anayeweza kuurudisha. Italia filamu hiyo haikuingiza watu. Marekani iliipa Oscar ya heshima, na De Sica akawa na jina duniani huku akiwa hana pesa za filamu inayofuata.

Sasa ndiyo "Ladri di biciclette". Itazameni kwenye skrini kubwa kadiri mnavyoweza, taa zimezimwa, simu zimekusanywa. Maandishi ya chini mengi utayakuta ya Kiingereza. Mimi huyasoma kwa sauti kwa Kiswahili, kama watafsiri wa mabanda yetu ya video, ila bila kuongeza chumvi. Maneno ni machache, na kwenye kimya usijaze chochote.

Antonio Ricci hana kazi. Anapata ya kubandika mabango, kwa sharti awe na baiskeli, na baiskeli iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani, anayafua, wanayapeleka rehani. Simamisha hapo. Karani anachukua lile furushi na kuanza kupanda nalo rafu, juu, juu zaidi, mpaka tunaona ukuta mzima umejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayesema neno. Waulize wenzako: mngeandika mazungumzo gani hapo? Kisha waonyeshe tena, wajionee kwamba hakuna linalohitajika.

Aliyecheza Antonio ni Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwanda cha Breda. Mtoto Bruno ni Enzo Staiola, aliyeonekana na De Sica kati ya watu waliokusanyika kutazama upigaji picha, na inasemekana mwendo wake ndio uliompendeza. Mke ni Lianella Carell, aliyekuwa mwandishi wa habari. David O. Selznick, mtayarishaji wa filamu wa Marekani, alikuwa tayari kutoa pesa, kwa sharti Antonio achezwe na Cary Grant, nyota wa Hollywood. De Sica alikataa. Fikiria Cary Grant, na nguo zile zinavyomkaa, akihangaika kwa ajili ya baiskeli moja.

Watu husema De Sica aliwachukua watu wa mitaani na kuwaacha wawe wenyewe. Si kweli hata kidogo. Aliwaigizia. Alisimama mbele ya Maggiorani akaonyesha kila hatua, akamwonyesha mtoto namna ya kununa, akaucheza uso wa kila mmoja mpaka mwenyewe akaupata wake. Mbinu hiyo walimu wengi wa uigizaji huikataza, na mimi mwenyewe siipendekezi kwa mtu aliyezoea jukwaa, maana ataiga tu. Kwa asiyewahi kuigiza inafanya kazi, mradi anayeonyesha awe na kipimo cha De Sica. Ndiyo maana nilisisitiza jioni ile ya 1932. Tazama Maggiorani anapokaribia kuiba baiskeli nje ya uwanja wa mpira mwishoni: anakaa ukingoni mwa barabara, anasimama, anageuka, anarudi, kofia inasogezwa. Ile shingo mmeshaiona.

Kipande kingine cha kurudia ni mgahawani. Baba ametoka kumpiga mwanawe kibao, amejuta, anampeleka kula wasivyoweza kumudu. Bruno anavuta jibini ndefu inayonata kutoka mkate wa kukaanga, na meza ya nyuma kuna mtoto wa matajiri anayekula kama aliyezoea, anageuka kumtazama. Bruno anaweka chini kisu na uma, anatumia mkono, anaviokota tena. Hakuna hotuba juu ya matajiri na masikini. Kuna visu, uma na mgongo wa mtoto. Baadaye baba anapiga hesabu ya mshahara ambao angeupata, na chakula kinamkwama Bruno mdomoni.

Jambo moja la kuwaambia watazamaji filamu ikishaisha, si kabla: Maggiorani alirudi kiwandani na baadaye akapoteza kazi. Alitafuta nafasi nyingine za kuigiza, hakupata ya ukubwa ule tena. Mkichukua mtu wa mtaani mkamweka kwenye filamu yenu, jueni mtamrudisha wapi.

"Umberto D." ya 1952 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyomletea hasara kubwa. Aliitoa kwa baba yake, na sasa unajua jina la baba. Mzee mstaafu, suti safi, pensheni haitoshi kodi, mwenye nyumba anataka kumtoa, hana mtu ila mbwa wake Flike na binti wa kazi. Kijana mmoja wa kikundi aliniuliza katikati, "Mwalimu, huyu mzee mbona haigizi?" Nikamwambia asubiri. Ni Carlo Battisti, profesa wa isimu kutoka Firenze, na hakuwa mwigizaji. Dakika chache baadaye Umberto anasimama pembeni ya barabara, anajaribu kuomba. Anatoa kiganja. Mtu anakaribia kumpa. Hapo hapo anageuza mkono, kiganja chini, kana kwamba alikuwa anaangalia kama mvua inanyesha. Yule kijana hakuuliza tena.

Serikali ya wakati ule haikuipenda. Giulio Andreotti, aliyesimamia masuala ya sinema serikalini, aliandika hadharani kumlaumu De Sica kwa kuionyesha Italia kwa sura ya namna hiyo. Nami nasema mzee yule ameionyesha heshima ya nchi yake kuliko bango lolote la utalii.

Mkifika asubuhi ya binti wa kazi jikoni, mwenye kutafsiri anyamaze kabisa. Maria, aliyechezwa na Maria Pia Casilio, anaamka, anaingia jikoni anasinzia, anawasha kiberiti, anatazama paka akipita juu ya mapaa, anawamwagia maji sisimizi ukutani, anagusa tumbo lake maana ana mimba na hajui ni ya nani kati ya askari wawili, anakaa na mashine ya kusagia kahawa mapajani. Akiwa amekaa ananyoosha mguu kusukuma mlango ufunge, vidole vinaufikia kwa shida. Machozi yanatoka, na mkono unaendelea kusaga.

Zoezi la jioni hiyo: kila mmoja acheze kazi moja ya asubuhi nyumbani kwake, dakika tatu, bila neno na bila hadithi. Kwetu binti mmoja aliwasha jiko la mkaa lisilokuwepo. Alipanga mkaa, akaweka kipande cha mfuko wa plastiki chini yake, akapepea kwa mfuniko wa sufuria, akageuza uso kukwepa moshi, na katikati ya kupepea akasimama akasikiliza kama mtoto ameamka. Kisha akaendelea. Wote tulijua ana mtoto, na tulijua hajalala.

Kutoka hapo mwendo unakuwa wa haraka. "Miracolo a Milano" ya 1951, iliyogawana na filamu nyingine tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, ni ngano ya masikini wanaoishi kwenye vibanda. Wekeni siku watoto wakiwepo. "Il generale Della Rovere" ya 1959, ya Roberto Rossellini, ndiyo kazi yake kubwa kabisa kama mwigizaji: tapeli mdogo anayekula pesa za familia za wafungwa na kuzipoteza kwenye karata, Wajerumani wanamtia gereza la San Vittore ajifanye jenerali ili achunguze wenzake, na mwisho anakuwa yule aliyekuwa akijifanya. Ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, pamoja na filamu nyingine ya Kiitaliano.

"La ciociara" ya 1960 msiiweke mbele ya watoto, na watu wazima waambieni mapema kwamba kuna ubakaji wa mama na binti kanisani. Sophia Loren hapo alikuwa na miaka 25 na De Sica akamtoa kwenye urembo akamweka kwenye vumbi. Akawa wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Wawili hao, pamoja na Marcello Mastroianni, walifanya pia "Ieri, oggi, domani" na "Matrimonio all'italiana", za kucheka. "Il giardino dei Finzi Contini" ya 1970, kuhusu familia ya Kiyahudi ya Ferrara iliyojifungia ndani ya ukuta wa bustani yake sheria za kibaguzi zikikaza nje, ilimletea Oscar ya nne, na ndiyo ya kuwawekea wanaosema aliishiwa. Alifariki tarehe 13 Novemba 1974 karibu na Paris.

Filamu moja nimeibakiza makusudi, "Il tetto" ya 1956. Hailingani na zile kuu, lakini kwa vijana wa hapa ndiyo iliyozua mabishano marefu zaidi. Wenzi wachanga hawana pa kuishi Roma. Desturi ni kwamba nyumba iliyokwisha kuwa na mlango na paa askari hawaivunji, basi wanataka kuijenga usiku mmoja, kabla hapajakucha, kwenye kiwanja kisicho chao. Mtazame shemeji, waliyegombana naye, anapokuja usiku huo na kushika mwiko wa kujengea bila kuomba msamaha wala kuombwa. Wekeni na kikundi chenye fundi ujenzi angalau mmoja, naye akae mbele.